Mwili, Roho na Nafsineni: Suala la Kujisalimisha katika Nyimbo za Mapenzi za Jazi

Utangulizi

Kitenzi "kujisalimisha" kina mambo mawili ambayo mhakiki wa ushairi wa mapenzi hana budi kuyatilia maanani. Kwanza, kiambishi ji- humfanya mtenda na mtendwa kuwa mtu mmoja: anayetolewa ndiye anayetoa. Pili, mzizi wake, ambao asili yake ni Kiarabu, ndio huohuo uliotupa neno "salama". Kwa mujibu wa lugha yenyewe, basi, anayejisalimisha huweka silaha chini kwa matumaini ya kupata usalama. Makala haya yanachunguza kundi la nyimbo ambamo jambo la kwanza hutimia na la pili halitimii. Hizi ni nyimbo za mapenzi za baina ya mwaka 1920 na katikati ya miaka ya 1940, ambazo waimbaji na wapigaji wa jazi wa Marekani walizichukua na kuzifanya sehemu ya kudumu ya hazina yao.

Msomaji wa Afrika Mashariki atahadhari kidogo hapa. Kwetu neno "jazi" limezoeleka katika majina ya bendi za dansi, kama vile Morogoro Jazz na Western Jazz za Tanzania, au OK Jazz iliyoundwa Léopoldville mwaka 1956. Muziki wa bendi hizo una historia yake, nasi hatuushughulikii. Tunazungumzia jazi ya Marekani, na hasa tungo za polepole ambazo mwimbaji huzitumia kukiri kwamba ameshindwa na mapenzi.

Nyimbo hizi zimehakikiwa kwa mikabala miwili inayopingana. Mkabala wa kwanza huyasoma maneno peke yake na kuhitimisha kuwa ni fasihi ya utumwa wa moyo, na zaidi utumwa wa mwanamke. Mkabala wa pili huisikiliza sauti peke yake, na kudai kwamba mwimbaji stadi huyageuza maneno yoyote yale kuwa ushindi. Makala haya yanadai kwamba mikabala yote miwili imelipita swali la msingi: je, nafsineni anajisalimisha akimwambia nani? Pale anayependwa anaposemeshwa kwa nafsi ya pili, kujisalimisha huwa ni hoja, ni shutuma, na mara nyingine huwa amri. Pale anapogeuka kuwa nafsi ya tatu, mtu anayesimuliwa tu, kujisalimisha hugeuka kuwa taarifa ya kushindwa, na hapo sauti, hata iwe ya nani, haina uwezo wa kuokoa kila kitu. Hatudai kwamba hii ni kanuni ya nyimbo zote za jazi. Tunadai tu kwamba inatusaidia kuzitofautisha nyimbo ambazo kwa kawaida huwekwa katika kapu moja.

Maandishi, soko na kipaza sauti

Nyingi ya nyimbo hizi hazikutungwa na wanajazi. Zilitungwa kwa ajili ya jukwaa la michezo ya kuigiza na kwa ajili ya wachapishaji wa muziki wa New York, ambao biashara yao ilijulikana kwa jina la Tin Pan Alley. "Body and Soul", yaani mwili na roho, ni muziki wa Johnny Green, na maneno yake ni ya Edward Heyman, Robert Sour na Frank Eyton. Ulitungwa mwaka 1930 kwa ajili ya Gertrude Lawrence, mwigizaji wa Uingereza. "All of Me", yaani mimi mzima, ulitungwa na Gerald Marks na Seymour Simons mwaka 1931. Tungo hizi zilikuwa bidhaa, na watungaji wake hawakuficha jambo hilo.

Kilichoziwezesha kuwa sanaa ya kujianika moyo ni, kwa kiasi kikubwa, mtambo. Kabla ya mwaka 1925 mwimbaji alirekodiwa kwa kupaza sauti mbele ya pembe kubwa, na ungamo haliungamwi kwa kelele. Kuanzia mwaka huo kurekodi kwa umeme kulianza kutumika kibiashara, na kipaza sauti kikaweza kunasa hata pumzi. Enzi hiyohiyo ya kipaza sauti ndiyo iliyomkuta Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928 kwa kampuni ya HMV. Huko Marekani, Bing Crosby alirekodi "I Surrender, Dear" mwezi Januari 1931 akiwa na okestra ya Gus Arnheim. Anwani ya wimbo huo ni tamko la askari anayesalimu amri, ila anayeambiwa ni mpenzi. Nafsineni wake ni mtu aliyejifanya hajali na sasa anakiri kuwa majivuno yake yalikuwa ya bandia.

Mwimbaji huyo alikuwa mwanamume, na hilo si jambo dogo. Mwaka 1932 Kadinali William O'Connell wa Boston aliwashutumu hadharani waimbaji wa mtindo huo wa kunong'ona, akiuona kuwa uimbaji wa watu waliopotoka. Shutuma hiyo yatufunza kitu. Unyonge wa mwanamke mbele ya mapenzi ulionekana kuwa wa maumbile. Unyonge wa mwanamume ukawa kashfa. Kwa hiyo mhakiki anayesema kwamba nyimbo za kujisalimisha ni mzigo waliotwishwa wanawake pekee amesahau nusu ya ushahidi.

Hoja ya aliyebaki na nusu

Tuanze na "All of Me". Kwa juujuu huu ni wimbo wa mtu asiye na fahari yoyote: amekwisha kuachwa, naye anamsihi aliyemwacha amchukue mzima. Anavitaja viungo vya mwili wake, kimoja baada ya kingine, na kuvitoa, kwa kuwa havina kazi tena. Lakini tukiuchunguza muundo wa usemi wake tunakuta kwamba nafsineni hasihi tu, bali anajenga hoja. Kiini cha hoja hiyo ni hiki: umekwisha kuichukua sehemu iliyo bora, basi kwa nini uache iliyobaki? Hiyo ni lugha ya mdai aliyefika mlangoni na hesabu zake. Anayeonekana kutoa, kwa kweli anadai. Anayeonekana kuomba, kwa kweli anashutumu, maana chini ya toleo lake kuna kauli kwamba mwenzake amechukua kitu bila ya kukamilisha malipo.

Lahani ya wimbo inasaidia usomaji huu. Maneno matatu ya anwani yamewekwa juu ya noti tatu zinazoshuka, kama mtu anayetua mzigo kwa awamu. Waimbaji wengi wameutumia mshuko huo kuleta huzuni. Billie Holiday, aliyeurekodi wimbo huu mwaka 1941 pamoja na mpigaji wa saksafoni Lester Young, alikwenda njia nyingine. Mbinu yake inajulikana: huubana upeo wa lahani, huzikwepa noti za juu, na huyachelewesha maneno nyuma ya mapigo, ili bendi itangulie naye afuate kwa wakati anaoutaka mwenyewe. Athari yake kwa maana ni kubwa. Maneno yanasema kwamba nafsineni hana tena mamlaka juu ya chochote. Uimbaji unaonyesha kwamba ana mamlaka kamili juu ya wakati. Hapa kinaya hakimo katika maneno wala katika lahani. Kimo katika umbali ulioko baina ya neno na pigo.

Kuna jambo jingine la kisarufi. "All of Me" na "Body and Soul" zote mbili zimejengwa juu ya "mimi" na "wewe", na katika Kiingereza viwakilishi hivyo havibainishi jinsia. Ndiyo maana Louis Armstrong aliweza kuzirekodi zote mbili, ya pili mwaka 1930 na ya kwanza mwaka 1932, kama alivyoweza Billie Holiday baada yake. Sisi tunaoandika kwa Kiswahili, lugha ambayo hata nafsi yake ya tatu haina jinsia, tunaweza kulipuuza jambo hili kwa wepesi. Katika Kiingereza ni uamuzi wa mtungaji. Palipo na "mimi" na "wewe" pekee, unyonge wa mapenzi ni wa binadamu. Mara tu neno la mwanamume au la mwanamke linapoingia, unyonge huo unapewa mwenyewe.

Zawadi isiyo na mpokeaji

Katika "Body and Soul" hali ya nafsineni ni nzito zaidi, kwa sababu hata hoja hana. Anayeambiwa anaelekea kujitenga, na nafsineni haielewi sababu. Amebakiwa na toleo lake tu, naye analirudia. Utungo una vipimo 32 vilivyogawanywa katika sehemu nne za vipimo 8 kila moja. Sehemu ya kwanza, ya pili na ya nne zina lahani moja, na kila mojawapo humalizikia katika maneno ya anwani. Msomaji wa mashairi yetu atakitambua kitu hiki upesi: ni kituo, mahali ambapo ubeti wote unakwenda kutua. Ila kituo cha shairi letu mara nyingi hukata shauri. Kituo hiki hakikati shauri lolote. Kinatoa tena kile ambacho hakikupokewa mara iliyotangulia.

Sehemu ya tatu, ambayo wanamuziki huiita daraja, ndiyo inayostahili uangalifu mkubwa. Hapo ndipo maneno yanapohama kutoka kwenye toleo na kuingia kwenye kutoamini: nafsineni anashindwa kusadiki kwamba mtu aweza kuyapa mapenzi kisogo. Kwa wakati uohuo muziki unahama ufunguo, kutoka D-flati hadi D. Kwenye kinanda funguo hizo mbili zimepakana, lakini kwa uhusiano wa kimuziki ziko mbali sana. Baadaye wimbo hushuka na kurudi ulikotoka. Tunaweza kusema kwamba daraja ni mahali pekee ambapo nafsineni anaondoka nyumbani kwa aliyemkataa. Na anaporudi, anarudi na toleo lilelile. Maudhui na fani hapa haviachani.

Mnamo tarehe 11 Oktoba 1939, mjini New York, Coleman Hawkins aliupiga wimbo huu kwa saksafoni bila mwimbaji. Aliigusa lahani ya asili mwanzoni tu, kisha akaiacha na kubuni ya kwake juu ya msingi wa sauti zilezile kwa mizunguko miwili kamili. Rekodi hiyo ilipendwa na watu wa kawaida, si wanamuziki tu. Kwa mhakiki wa fasihi ni jaribio la aina yake: maneno yameondolewa, na bado msikilizaji anatambua kwamba kuna mtu anayejitoa. Haifuati kwamba maneno hayana kazi. Inasemekana Lester Young alishikilia kwamba mpigaji sharti ayajue maneno ya wimbo anaoupiga. Linalofuata ni kwamba maneno yamekwisha kuingia ndani ya umbo, na umbo linaweza kuyakumbuka hata yasipotamkwa.

Billie Holiday aliurekodi wimbo huu mwaka 1940, na tena mwaka 1957, miaka miwili kabla ya kufariki. Ni desturi kuisikiliza rekodi ya pili kama tawasifu: sauti imechakaa, kwa hiyo mateso ni ya kweli. Tunaomba tahadhari. Usomaji huo humnyang'anya msanii sanaa yake na kumwachia majeraha peke yake. Kilichobadilika kati ya rekodi hizo mbili si maisha tu, bali pia ni uamuzi kuhusu kasi, kimya, na uzito wa kila neno, na maamuzi hayo ni ya kisanaa.

Hata hivyo, historia haiwezi kuachwa nje ya mlango. Mwimbaji huyu alizaliwa mwaka 1915, miaka 50 baada ya utumwa kupigwa marufuku katika Marekani yote mwaka 1865. Angela Davis, katika kitabu chake Blues Legacies and Black Feminism cha mwaka 1998, anaonyesha kwamba kwa watu weusi waliokombolewa uhuru wa kumchagua mpenzi ulikuwa miongoni mwa mambo machache ambamo uhuru ulionekana kwa macho, wakati kazi na siasa bado vilikuwa mikononi mwa wengine. Tukiuchukua mtazamo huo, anwani ya wimbo huu inapata maana ambayo watungaji wake wa jukwaani huenda hawakuikusudia. Mtu hawezi kutoa asichomiliki. Mwanamke mweusi anayesema kwamba anautoa mwili wake na roho yake anatangaza kwanza, kabla ya kujisalimisha, kwamba vyote viwili ni vyake.

Amri ya mnyonge

"Don't Explain", yaani usieleze, unatofautiana na nyimbo tulizozitaja kwa kuwa Billie Holiday mwenyewe aliutunga, akishirikiana na Arthur Herzog, na kuurekodi katikati ya miaka ya 1940. Katika tawasifu yake, Lady Sings the Blues ya mwaka 1956, aliyoiandika pamoja na William Dufty, ameeleza chanzo chake: mumewe alirudi nyumbani akiwa na rangi ya mdomo kwenye ukosi wa shati, akaanza kujitetea.

Kwa mhakiki wa mkabala wa kwanza huu ni wimbo wa aibu, maana mke amejua na bado anabaki. Hatuwezi kulikana hilo. Lakini tuzingatie hali ya kitenzi. Anwani ni katazo, na kukataza ni kutumia mamlaka. Mume anataka kueleza, kwa kuwa maelezo ndiyo njia yake ya kutokea. Mke anamfungia njia hiyo. Hapewi nafasi ya kusema uongo, na kwa hiyo hapewi nafasi ya kusamehewa kwa sababu ya uongo huo. Nafsineni amesalimisha ndoa, amesalimisha fahari, ila hakusalimisha ujuzi wake. Anajua, na anamtaka mwenzake ajue kwamba anajua. Huyu ni mnyonge anayetoa amri, na kwa kuwa anaitoa kwa nafsi ya pili, anayeambiwa hana pa kujificha.

Mahali ambapo sauti haitoshi

Tufike sasa kwenye "My Man". Asili yake ni wimbo wa Kifaransa wa mwaka 1920, "Mon homme", ambao muziki wake ni wa Maurice Yvain. Fanny Brice aliuimba kwa Kiingereza jijini New York mwaka 1921, na Billie Holiday akaurekodi mwaka 1937 na tena mwaka 1948. Nafsineni anamweleza mwanamume asiye mwaminifu ambaye, katika rekodi ya 1948, anampiga pia. Kisha anatamka kwamba atarudi kwake hata hivyo.

Angela Davis anatetea kwa nguvu hoja kwamba Billie Holiday aliweza kuyapindua maneno dhaifu ya soko na kuyafanya yaseme ukweli wa kijamii. Kwa "All of Me" tunakubaliana na mwelekeo huo bila kusita. Kwa "My Man" tunasita, na sababu yetu ni ya kimatini. Mwanamume huyu hasemeshwi. Ni "yeye" tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna anayedaiwa, hakuna anayeshutumiwa, hakuna anayeamriwa. Wanaoambiwa ni wasikilizaji, ambao hawana uwezo wa kubadili kitu. Sauti inaweza kuchelewa nyuma ya mapigo na kuyatia maneno kinaya, lakini kinaya huhitaji mtu wa kuchomwa nacho, na hapa mtu huyo hayupo chumbani.

Mjadala huu si mgeni kwetu. Wasomi wa Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, wamebishana kwa muda mrefu kuhusu utiifu wa mke unaohimizwa humo: je, ni utii mtupu, au ni maarifa ya mwanamke anayemfundisha binti yake namna ya kuishi ndani ya mfumo asioweza kuuvunja? Vyovyote tutakavyojibu, utiifu wa utendi ule una mkataba. Radhi ya mume imefungamanishwa na malipo ya akhera, na mama anajua anachokinunua. Nafsineni wa "My Man" hana mkataba wa dunia wala wa akhera. Anatoa bure, na anayepokea anampiga. Kumwita mshindi kwa sababu mwimbaji ana kipaji ni kuufanya uhakiki kuwa mshirika wa kofi.

Hatusemi kwamba wimbo huu usisikilizwe wala usifundishwe. Tunasema ufundishwe kama ushahidi. Ukubwa wa msanii unaonekana pia pale tunapokiri kwamba matini fulani ilimshinda nguvu, au kwamba aliiacha imshinde ili sisi tuone kushindwa kulivyo.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kujisalimisha katika nyimbo hizi si jambo moja. Katika "All of Me" ni dai lililovishwa nguo za ombi. Katika "Body and Soul" ni toleo lisilo na mpokeaji, ambalo kwa kutolewa tu linathibitisha umiliki wa mtoaji. Katika "Don't Explain" ni amri ya mtu aliyebakiwa na ujuzi wake peke yake. Katika "My Man" ni kushindwa, na inafaa kuitwa hivyo. Kinachozitenganisha si kiasi cha huzuni wala ubora wa sauti, bali ni kama nafsineni ameachiwa mtu wa kumkabili.

Tumeanza na kitenzi, na tumalizie hapo. Mzizi wa neno letu unaahidi salama kwa anayejisalimisha. Nyimbo tulizozichunguza haziitoi ahadi hiyo, nazo ni za kweli zaidi kwa kutoitoa. Zile zilizo bora miongoni mwazo zinabaki na kile kiambishi kidogo cha ji-, zikisisitiza kwamba mkono unaotoa ni wa mtu huyohuyo anayetolewa. Pale ambapo mkono wa mtu mwingine umeinuliwa ili kupiga, kiambishi hicho hakina tena kazi, na ni wajibu wa mhakiki kusema hivyo.